Stuli Kumi na Tatu

Kaluki alibonyeza tena kitufe cha kijani, na kwa mara ya tisa asubuhi hiyo simu ikamjibu vilevile: Somo limejaa. Wasiliana na idara yako.

Idara yenyewe ilikuwa hatua nne mbele yake, nyuma ya dirisha la kioo lililokuwa bado limefungwa. Ilikuwa saa tatu kasorobo. Kwenye korido wanafunzi ishirini na watatu walikuwa wameegemea ukuta, wengine wamekalia mabegi yao.

"Imekubali?" Wainaina akamuuliza.

"Wapi! Inasema imejaa."

"Imejaaje na sisi tumefunguliwa portal ya usajili jana jioni?"

"Wenyeji wa hapa walifunguliwa Jumatatu," Kaluki akasema. "Sisi tunaokota makombo."

Hadi mwaka uliopita wote hao walikuwa wakisomea Thika, katika tawi la chuo lililokuwa juu ya duka la vifaa vya ujenzi. Walipanda ngazi zenye harufu ya rangi na misumari, wakafanya majaribio ya kemia kwenye chumba chenye sinki mbili. Mwezi wa Septemba tawi likafungwa. Barua iliyowahamishia kampasi kuu ya Ruiru iliahidi kwamba hakuna mwanafunzi atakayecheleweshwa kumaliza masomo kwa sababu ya uhamisho huo. Kaluki alikuwa ameisoma sentensi hiyo mara nyingi hata akaikariri.

Alikuwa na miaka ishirini na minane. Alifanya kazi ya kuchambua makadamia katika kiwanda kimoja Thika, akapanga zamu zake kuzunguka masomo miaka mitatu mfululizo. Leo msimamizi wake alikuwa amempa ruhusa kwa shingo upande. "Siku moja tu, Kaluki. Kesho nikikukosa nitaita mwingine."

Alichokitaka kilikuwa somo moja, praktikali ya kemia, ambayo ilifundishwa muhula mmoja tu kwa mwaka. Asiyeifanya hangeweza kwenda mazoezi ya ualimu mwezi wa Mei, na asiyeenda Mei angengoja mwaka mzima. Kule Kalimoni kulikuwa na shule ya upili iliyokubali kumpokea. Mwalimu mkuu alikuwa amemwambia wazi: "Watoto wangu hawajaona mwalimu wa kemia tangu mwaka jana. Wewe kuja tu, tukikupenda bodi itakuajiri." Usajili ungefungwa saa kumi na moja jioni.

Saa nne dirisha likafunguliwa. Karani wa idara, Madam Gathoni, aliweka kikombe chake cha chai juu ya rundo la barua, akaangalia foleni kama mtu anayeangalia mvua iliyomharibia siku.

"Habari ya asubuhi, Madam," Kaluki akasema. "Ni kuhusu praktikali."

"Imejaa."

"Najua, Madam. Lakini sisi tumetoka Thika na hatukupewa…"

"Labu ina nafasi arobaini. Makundi mawili, Jumanne na Alhamisi. Arobaini, arobaini. Mimi si Mungu niongeze ingine." Akanywa chai. "Nyinyi watu wa kuhama mnakuja mwisho halafu mnataka kukaa mbele."

"Hatukuhama, Madam. Tulihamishwa."

Gathoni akamtazama vizuri kwa mara ya kwanza. "Mwenyekiti wa idara ako kwa mkutano. Atawaona saa nane, room ya tatu. Next!"

Wengine walienda kutafuta chai. Kaluki hakwenda. Ilikuwa Alhamisi, na alitaka kuiona kwa macho yake hiyo maabara iliyojaa.

Aliikuta mwisho wa jengo. Mlango ulikuwa wazi kwa ajili ya harufu ya asidi. Ndani wanafunzi waliovaa makoti meupe walikuwa wameinamia bureti zao, wakihesabu matone. Kaluki alisimama mlangoni, naye akahesabu. Akarudia kuhesabu, maana hakuamini. Watu ishirini na saba. Meza tatu za nyuma hazikuwa na mtu, stuli zimepinduliwa juu yake miguu ikiangalia dari. Stuli kumi na tatu.

Fundi wa maabara, mzee mmoja aitwaye Zacharia, alikuja akijifuta mikono kwa kitambaa. "Umepotea, msichana?"

"Hapana, mzee. Nimeambiwa hapa pamejaa."

Zacharia akageuka, akatazama meza za nyuma. "Pamejaa kwa karatasi," akasema. "Kuna walioahirisha juu ya karo. Kuna mmoja alienda Qatar kuwa askari wa lango. Majina yao yalibebwa kutoka mwaka jana, bado yako kwa list."

"Si yatolewe?"

"Kutoa jina kunataka sahihi tatu." Akapunguza sauti. "Kukufungia nje hakutaki hata moja. Na usiseme ni mimi nimekwambia. Nimebakisha miaka miwili nistaafu."

"Na Jumanne?"

"Jumanne ni mbaya zaidi. Labu nusu."

Kaluki alirudi korido mbio. Aliwaambia wenzake. Dianah, msichana mpole aliyekuwa akikaa naye meza moja kule Thika, alishika mdomo. "Ngai! Kwa hivyo tunatoshea sote?"

"Sote, na nafasi ibaki."

Saa nane ikapita. Saa tisa na dakika ishirini Daktari Mugo, mwenyekiti wa idara, akaingia room ya tatu, Madam Gathoni akimfuata na bunda la fomu. Daktari alikuwa na sauti ya upole, sauti ya mtu aliyezoea kutoa habari mbaya bila kukaa nayo.

"Tunaelewa situation yenu," akasema. "Chuo kinawajali. Hizi ni fomu za kuahirisha muhula. Ukijaza leo, mwaka ujao jina lako litakuwa la kwanza."

Kaluki akasoma fomu. Ilikuwa na mistari minne tu. Mstari wa pili ulisema: Ninaomba kwa hiari yangu kuahirisha masomo.

Akainua mkono. "Daktari, ni nani hapa ameomba?"

"Hiyo ni lugha ya fomu tu."

"Labu ya leo ilikuwa na watu ishirini na saba. Nimehesabu mwenyewe. Stuli kumi na tatu ziko juu ya meza."

Gathoni akaangalia kucha zake.

"Mambo ya orodha ni ya mfumo," Daktari akasema. "Mimi sioni stuli, naona mfumo. Na mfumo unasema arobaini."

"Basi twende ukaone stuli. Ni dakika mbili kutoka hapa."

Wengine wakacheka, kicheko kifupi cha uchungu. Daktari Mugo hakucheka. "Asiyejaza fomu," akasema polepole, "sina jinsi ya kumsaidia."

Wainaina akawa wa kwanza kuchukua kalamu. Hakumtazama Kaluki. "Nikikosa hii na mwaka ujao pia nikose, nitamwambia nini mathe nyumbani?" akanong'ona. Akatia sahihi. Wengine wakafuata, mmoja baada ya mwingine, vichwa vimeinama kama wakati wa mtihani.

Kaluki akakata maneno "kwa hiari yangu" kwa mstari mmoja ulionyooka. Juu yake akaandika: Nimenyimwa nafasi ilhali nafasi zipo. Akatia sahihi na tarehe, akaipiga picha, akampelekea Daktari.

"Hii siwezi kupokea," Daktari akasema, akairudisha kwa ncha ya kidole.

Hapo Dianah akasimama. "Daktari, naomba fomu yangu. Nimekosea." Sauti ilikuwa ndogo, lakini alikuwa amenyoosha mkono na hakuushusha hadi Gathoni akaitafuta ile fomu kwenye bunda. Akaja mwingine, na mwingine. Waliotoka bila kuacha fomu wakawa tisa, Kaluki akiwemo.

Walikaa kwenye ngazi nje ya jengo, wasijue la kufanya. Walijaribu ofisi ya msajili, wakaambiwa amekwenda semina. Saa kumi na moja kamili simu zao zikalia karibu kwa pamoja.

Dianah akasoma yake kwa sauti. "Kwa kuwa hukufika ofisini ndani ya muda uliotolewa, umeandikwa kuwa mwanafunzi asiyehudhuria." Akainua uso. "Ati hukufika? Si tuko hapa tangu saa mbili!"

Kaluki akasoma yake. Maneno yaleyale, jina lake tu likiwa limebadilishwa. Kesho saa moja alitakiwa kuwa kiwandani. Akainuka, akajipangusa vumbi kwenye sketi, akapanda ngazi.

Mlango wa idara ulikuwa umefungwa kwa ndani. Alisikia redio, na kiti kikiburutwa. Akabisha. Redio ikapunguzwa.

Akabisha tena, kwa ngumi.

"Nani huyo?" Gathoni akauliza. "Tumefunga!"

"Ni Kaluki, Madam. Yule ambaye hakufika."