Shati la Korongo Hulowa Saa Nne

Kila asubuhi, kabla wateja hawajafika kituo cha Kawangware 56, Nairobi, Austine hufagia mbele ya kibanda chake cha nguo, hunyunyiza maji kutuliza vumbi, kisha hutundika mashati. Yasiyo na jina huyaweka nje, yapigwe na moshi wa matatu. Ya Korongo huyaweka ndani, kwenye hanga za mbao, chini ya nailoni. Korongo ni kampuni ya ng'ambo, na lebo yake ina ndege wa buluu aliyesimama kwa mguu mmoja. Shati lisilo na jina huuzwa mia tatu, na mteja hubishana hadi apunguziwe. La Korongo huuzwa elfu tatu, na mteja husema asante.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, mashati ya Korongo yalikojoa.

Hayakukojoa sana. Unyevu ulianzia chini ya kifungo cha mwisho, ukatambaa hadi kwenye pindo, ukaanza kudondoka sakafuni. Austine alitazama mabati kwanza, maana mtu huanza na mabati. Yalikuwa makavu. Akainama, akanusa, akajua. Kavoi, fundi wa cherehani wa kibanda cha pili, aliacha zipu aliyokuwa akiishona, akaja, akagusa pindo kwa kidole, akakipeleka kidole puani, halafu akakifuta kwenye suruali.

"Hii ni mkojo, buda," alisema, akarudi kwenye zipu yake kwa sababu mwenye zipu alikuwa anangoja.

Kabla ya kuketi alikumbuka kuyakagua mashati yake. Kavoi ana kazi ya pembeni. Hununua mashati ya mitumba yaliyoraruka, hukata lebo za Korongo kwa wembe na kuzihamishia kwenye mashati yasiyo na jina, kwa mkono, kwa sindano nyembamba, na tangu aanze hajawahi kurudishiwa hata moja. Austine humuuzia na kile kinachopatikana wanagawana. Mashati hayo ya lebo za kuhamishwa yalikuwa makavu kabisa. Kavoi aliridhika. Alisema ndiyo maana yeye hupenda kazi safi.

Jioni Austine alibeba shati moja lililolowa hadi Lindi, kule Kibera, kwenye chumba anachokodi na Celine. Wawili hao walianza kuishi pamoja kabla ya kwenda kwa wazee, kama wengi wanavyofanya, na Celine hushona kola katika kiwanda kimoja cha nguo kule Industrial Area. Alikuwa ameketi kitandani na chupa ya maji moto ubavuni, jinsi anavyoketi jioni zote siku hizi. Aligeuza kola ya lile shati, akaitazama kwa ndani.

"Hii ni yangu," alisema. "Na hiyo mkojo ni yangu pia. Saa nne ndiyo huwa inanibana."

Hakuuliza shati lilifikaje Kawangware. Mashati yenye kasoro ndogo hutoka kiwandani kwa mlango wa nyuma, na mlango huo una wenyewe. Alimweleza Austine jambo ambalo hakuwahi kumweleza, kwa sababu si jambo la kuelezea mtu anapokula. Kila laini ya cherehani kiwandani ina kibao kimoja cha mbao chenye kamba. Anayetaka kwenda chooni huinua mkono, na Jackie, msimamizi wao, humvika kibao shingoni. Asiye na kibao haruhusiwi kuinuka. Asubuhi ni zamu ya Korongo, na Korongo ina haraka, kwa hiyo kibao hubaki mezani kwa Jackie na mikono hubaki hewani mpaka ichoke. Jackie si mtu mbaya. Yeye mwenyewe hujibana pale kwenye kiti chake cha juu, maana msimamizi hana kibao.

Jioni laini hushona mashati yasiyo na jina, ya kuuzwa hapa hapa nchini. Wakati huo Jackie ameshaenda nyumbani, kibao kinaning'inia kwenye msumari, na kila mtu hujichukulia.

"Kitambaa ni hicho hicho," Celine alisema. "Uzi ni huo huo. Mikono ni hizi hizi. Hiyo ya jina ndiyo huwa nimeibana."

Akasogeza chupa ubavuni. Daktari wa kliniki alimwambia figo zake zimeanza kuoza kwa maambukizi. Alimwambia mambo mawili: anywe maji mengi, na asibane mkojo tena hata siku moja, la sivyo figo moja itakufa na ya pili itaifuata. Celine alimshukuru. Tangu siku hiyo hanywi maji kabisa hadi jioni, kwa sababu asiyekunywa habanwi sana. Hakutaka makubwa. Alitaka kibao, saa nne asubuhi, kwa dakika chache.

Lakini usiku huo alilala na moyo mwepesi. Alimwambia Austine kwamba sasa dunia nzima itaona.

Na kweli iliona. Saa nne ikigonga, mashati ya Korongo yalilowa kwenye benki, kwenye mahoteli, kwenye makanisa ambako waumini huenda kwa magari. Mabwana waliinuka vitini wakaacha alama. Bibi harusi mmoja kule Karen, kwa matajiri, alifungishwa ndoa na mwanamume ambaye shati lake lilikuwa likidondosha matone, na kasisi aliinua kidogo kanzu yake akasonga mbele na ibada. Siku za kwanza wapo waliorudisha mashati madukani na kudai pesa zao. Walirudishiwa, wakanunua viatu.

Kisha watu wakagundua jambo ambalo Kavoi alikuwa amelijua tangu Jumanne ile. Mashati bandia hayakulowa.

Inatia kinyaa kusimulia yaliyofuata, lakini ndivyo yalivyokuwa. Maofisini, saa nne ilipofika, watu walianza kutazamana matumbo. Aliyelowa aliegemea kiti akanyoosha miguu ili aonekane vizuri. Aliyekuwa mkavu alikumbuka simu ya kupiga nje, na huko nyuma alisengenywa kwamba anavaa vya Kawangware. Mashati yalipofika nyumbani hayakufuliwa haraka. Harufu iliingia kwenye magari, kwenye lifti, kwenye mapazia, na watu wakaivuta kwa pua zao walizosomeshewa kwa ada kubwa. Bei ya Korongo ikapanda. Kibera mtu hulipa ndipo akojoe. Huko kwingine mtu alilipa ndipo akojolewe.

Kavoi alijaribu kuokoa biashara yake. Alianza na maji ya chumvi, lakini wateja walikamua pindo, wakanusa, wakamcheka. Akaenda hadi Kambi Muru, huko huko Kibera, kwa Mukai, mama anayesimamia choo cha kulipia, akanunua jerikeni iliyojaa. Mukai alimuuzia bila kumuuliza ni ya nini, akampa na kifuniko. Mashati yaliuzika siku hiyo. Kesho yake saa nne hayakulowa, kwa sababu hakuna aliyekuwa amejibana ndani yake, na wateja walirudi wakiwa na hasira. Kavoi aliosha mikono akarudi kwenye zipu.

Austine naye alifanikiwa kuliko alivyowahi kufanikiwa. Ndipo alipoona wakati umefika wa kwenda kwa wazee. Celine hana baba. Anayesimama mahali pa baba ni baba yake mdogo, Jeconia, fundi wa mbao anayeishi Kambi Muru. Kwake ndiko Austine alipaswa kwenda kuomba siku ya kupeleka ayie, zile pesa za kumfanya mama wa msichana akubali. Alichagua kwenda na shati la Korongo. Celine alimwomba avae lolote lingine. Austine alimwambia mzee atamheshimu zaidi hivi, na kwamba anafanya haya yote kwa ajili yake.

Walikaribishwa vizuri. Mke wa Jeconia, Eddah, alileta chai na mandazi. Saa nne ikafika Austine akiwa ameketi kwenye kochi jipya lililofunikwa kitambaa cheupe cha kushona kwa mkono. Alilowa. Kitambaa kikalowa. Ilikuwa Jumapili, na Celine hakuwa kazini, lakini shati hukumbuka siku liliposhonwa. Eddah alisogeza sahani ya mandazi mbali kidogo na Austine. Jeconia aliweka kikombe chini, akatazama kwa makini, kama anavyotazama mbao kabla ya kuzinunua.

"Baba, hiyo ni mkojo yangu," Celine alisema kwa sauti ya chini. "Hatuachwi twende choo. Naumwa."

"Najua, nyara," Jeconia alisema. Nyara ni binti yangu kwa Kijaluo, na alilitamka kwa upendo wa kweli. "Lakini ni orijino."

Akamwambia Austine kwamba sasa ameona yeye ni mwanamume aliyejipanga, na wakakubaliana tarehe. Pesa za ayie zingetoka kwenye mashati. Yaani Celine alikuwa akijilipia ayie kwa kibofu chake mwenyewe, na aliyepongezwa ni Austine. Njiani kurudi Lindi Celine alitembea hatua chache nyuma ya Austine, si kwa heshima, bali kwa harufu.

Tumaini lake lililobaki lilikuwa wageni. Kiwandani ilitangazwa kwamba wakubwa wa Korongo wanakuja kutoka ng'ambo kuchunguza suala la unyevu. Wanawake wa laini walimchagua Celine aseme, kwa sababu ana sauti nzuri na haogopi meneja. Alirudia maneno yake asubuhi hiyo yote akitembea kando ya reli. Wageni walifika, wakapita kati ya cherehani, na mashati waliyovaa yalikuwa yamelowa, maana saa nne ilikuwa imepita. Celine akasimama bila kibao.

"Tunaomba mtuongezee kibao," alisema. "Moja tu. Saa nne."

Meneja alitafsiri. Mgeni mmoja, mama mwenye mvi zilizokatwa vizuri, alimshika Celine mkono kwa mikono yake miwili na kusema ameguswa sana. Alisema kila shati analovaa sasa anahisi kuna mtu ndani yake. Macho yake yalikuwa na machozi, na pindo lake lilikuwa likidondosha matone kwenye kiatu cha Celine. Celine alimwona ni mtu mwema. Alirudi kuketi, akashona kola zake siku hiyo kwa uangalifu kuliko siku zote.

Mwezi haukuisha jibu likaja. Kila laini ililetewa mtungi mkubwa wa maji safi, baridi, ya bure, na kila mshonaji akapewa kikombe chenye ndege wa buluu. Amri ilikuwa kwamba kabla ya kuwasha cherehani kila mtu anywe vikombe viwili, Jackie akitazama. Kibao kilichukuliwa kutoka mezani, kikafungiwa ofisini hadi zamu ya Korongo iishe, ili ubora usiyumbe. Nusu ya maagizo ya daktari ikawa imetimizwa na kiwanda, tena kwa lazima.

Celine alikunywa. Mwisho wa mwezi uliofuata, mkojo wake ulianza kuwa na damu. Aliuona kwanza chooni, jioni. Austine akauona kibandani, wakati shehena mpya ilipofika: mashati meupe ambayo saa nne yalilowa rangi ya waridi. Usiku alimwambia Celine kwamba ameyaona, na Celine akamuuliza aache kazi au asiache. Austine alifikiria. Tarehe ya ayie ilikuwa karibu.

"Vumilia kidogo," alimwambia. "Ayie ipite kwanza."

Alimpashia maji, akayatia kwenye chupa, akaifunga kwa soksi isimchome. Alifanya hivyo kwa mapenzi, na hilo ndilo linalochefua zaidi.

Asubuhi yake gari kubwa liliegeshwa Kawangware 56, nusu barabarani, na mwanamke akashuka akiuliza kama ile ya pinki imefika, maana madukani imeisha. Austine alimletea. Saa nne ilikuwa ndiyo inaingia, na shati lilianza kulowa mikononi mwake. Mwanamke aliliinua hadi puani, akavuta pumzi, akafumba macho kidogo. Kisha akauliza swali la mtu anayejua thamani ya kitu. Aliuliza ikiwa rangi itaacha kutoka baada ya muda, kwa sababu bei ni kubwa na hapendi kudanganywa.

"Haiachi, madam," Austine alisema. "Kibao hawatapewa."

Wakati huo huo, kule Industrial Area, Celine alikuwa ameinua mkono. Jackie alimwonyesha viganja vitupu. Celine akashusha mkono, akavuta kola nyingine.

Mwanamke alilipa bila kubishana na kusema asante. Austine alimfungia shati kwenye nailoni, akapangusa sakafu kwa tambara, akaenda kwa Kavoi kuazima sabuni.