Kiti cha Kushoto

Kwa miezi mitatu mke wangu hakunitazama mezani, na mezani ndipo tunapozungumza. Nilipomsemesha alijibu huku macho yakiwa kwenye sahani, nami, niliyelelewa bwenini na kufunzwa kwamba mwanamume haombi maelezo, nikanyamaza vilevile. Nilipostaafu nilimtaka aache kushona, akakataa. Nikaamini amenuna kwa hilo. Hofu yangu, ambayo sikumwambia mtu, ilikuwa moja: kwamba baada ya miaka arobaini na miwili amenichoka.

Asubuhi moja aliniambia anakwenda kwa tabibu wa uti wa mgongo, yule anayetibu kwa mikono.

"Kichwa kinaniuma. Hospitali wamenipiga picha, hakuna kilichovunjika. Wamesema naweza kujaribu."

"Ili akunyonge shingo?"

"Heri aninyonge yeye kuliko huu ukimya wako, Kiranja."

Ndivyo anavyoniita tangu uchumba, kwa kuwa nilikuwa kiranja wa bweni na, kwa maneno yake, sijawahi kuikabidhi kazi hiyo. Nilimsindikiza. Wajibu ni wajibu.

Chumba kilikuwa kidogo na safi: kitanda chembamba chenye tundu la kuwekea uso, uti wa mgongo wa plastiki ukining'inia kwenye chuma, viti viwili. Tabibu alikuwa binti wa rika la kitinda mimba wetu. Alituamkia kwa adabu, nikaona walau huyu amelelewa.

"Mama unafanya kazi gani?"

"Nashona. Mzee hapa hataki, lakini nashona."

"Ukishona unaangalia wapi?"

"Mbele na kulia. Kushoto kuna ukuta."

"Geuza kichwa kulia." Kiligeuka bila shida. "Haya, kushoto."

Kilisogea upana wa vidole viwili, kikakwama. Uso ulimkunjamana, lakini hakutoa sauti. Nyumbani kwetu watu hawalalamiki. Sheria hiyo niliiweka mimi.

"Tangu lini, mama?"

"Miezi mitatu hivi."

Nilikuwa nimeketi kushoto kwake. Ndipo ninapoketi hata mezani. Shuleni kila mvulana alikuwa na kiti chake bwaloni, na kuhama kulikuwa na adhabu ya viboko vinne. Nami nimekalia kiti cha kushoto tangu tulipooana, sikukosa hata siku moja, na nimejivunia jambo hilo mbele za watu.

"Kwa nini hukuniambia?" nilimuuliza.

"Nikwambie ili uiuze cherehani yangu?"

Tabibu alimlaza, akapitisha vidole taratibu kutoka mabegani hadi kisogoni, akabonyeza. Ukasikika mlio mdogo, kama wa kiungo cha kidole kikivutwa. Nikajikuta nimesimama.

"Kaa, Kiranja," ikatoka sauti ndani ya tundu. "Sijafa."

Yule binti hakuahidi miujiza, na kwa hilo nilimheshimu. Alisema huenda mama akapata nafuu, maana wapo wanaoipata na wapo wanaopata kidogo tu. Kwamba kazi kubwa iko nyumbani: cherehani iondolewe ukutani, kiti kiinuliwe, ainuke kila nusu saa. Akihisi ganzi mikononi au kizunguzungu, arudi hospitali bila kuchelewa.

Tulipofika nyumbani nilivua koti, nikaisogeza ile cherehani kwa mikono yangu hadi katikati ya chumba, penye mwanga. Mke wangu alisimama mlangoni akinitazama.

Chakula cha mchana kilipowekwa, nilichukua sahani yangu, nikazunguka meza, nikaketi kulia kwake.

"Umekosea kiti," alisema.

"Sijakosea."

"Hivi vilikuwa viboko vingapi?"

"Vinne."

Akanigeukia. Alinitazama kwa utulivu, kuanzia kipara hadi kidevu, kama anayekagua mshono wa mtu mwingine.

"Yaani nimeangalia pembeni miezi mitatu tu, ndiyo ukazeeka hivi?"

"Nilidhani umenichoka," nikasema. Sauti haikuwa ya kiranja.

"Nimekuchoka sana," alijibu, na hakuyaondoa macho yake usoni pangu mpaka chakula kikapoa.