Bwana Kibiriti na Mguu wa Albano

Siku hizi Noela Anselmo anaishi kwa kuandika vitabu vya watoto, lakini alikulia Mbagala, kwenye nyumba ya kupanga iliyokuwa na ua mmoja na wapangaji wengi. Baba yake, Anselmo, alikuwa mchonga vinyago aliyekuja Dar kutoka Masasi akiwa kijana, na kazi yake aliifanyia palepale uani, chini ya kibanda cha mabati. Mama yake, Yustina, alikaanga vitumbua alfajiri na kwenda kuviuza kituoni.

Noela alicheza kama watoto wote wa mtaani: rede, kombolela, kupika mchanga kwenye vifuniko vya makopo. Ila kabla ya kucheza ilibidi apige msasa vinyago vya baba yake. Tembo hawakumsumbua. Twiga ndio aliowachukia, kwa sababu ya zile shingo.

Alikuwa na mdogo wake mmoja tu, Albano, ambaye ndiyo kwanza alikuwa ameanza shule. Albano hakujua kukaa. Likizo moja alipanda mpera wa jirani kufuata pera lililokuwa kileleni, tawi likakatika naye. Hospitali wakamfunga hogo zito la plasta kuanzia kwenye unyayo mpaka pajani, wakasema asikanyage kabisa.

Wakawa wanamtandikia mkeka uani, miguu imeelekea kibandani kwa baba yake, uso umeelekea ukuta wa nyumba. Asubuhi alilia kwa sababu wenzake walikuwa wanacheza. Mchana alilia kwa sababu hogo lilikuwa linawasha. Mama yake akirudi kituoni anamkuta bado analia, na Noela amekaa pembeni amechoka kumbembeleza.

"Nichoree mtu," Albano alimwambia siku moja.

"Wapi? Sina karatasi."

"Hapo ukutani."

Noela aliokota kipande cha mkaa kwenye jiko lililozimika, akachora mtu mwembamba kama njiti, mwenye kichwa kikubwa cha mviringo. Ndivyo alivyojua kuchora watu.

Albano akacheka. "Kama kibiriti!"

Basi jina likawa hilo, Bwana Kibiriti. Kwa kuwa Bwana Kibiriti alikuwa mwembamba mno asiweze kutembea mbali, Noela alimchorea kuku wa kumpanda, kuku mkubwa mwenye miguu minene. Siku hiyo Bwana Kibiriti na kuku wake walikwenda sokoni Buguruni, na huko vitunguu vikamkamata bwana huyo vikimtuhumu kwamba anawaliza watu. Kesho yake kuku alimtoa rumande kwa kutaga yai mlangoni, askari wote wakateleza. Kila alasiri Noela alichora picha nyingine, akisimulia huku anachora, na Albano aliacha kulia ili asikie.

Wapangaji nao wakaanza kufuatilia. Lusungu, dada wa chumba cha mwisho aliyekuwa anashona nguo za harusi, alikuwa akirudi kutoka kazini anasimama kwanza ukutani na mkoba wake begani.

"Eti Noela, huyu kuku leo kafanya nini? Mie jana nilipitwa."

"Kagombana na bodaboda, dada. Kamnyima njia."

"Safi sana. Wamezidi."

Mkaa ukapanda mpaka kwenye madirisha. Ukapinda kona. Yustina alinung'unika kwamba mtoto anachafua nyumba ya watu, lakini aliona jinsi Albano alivyotulia, akaacha. Anselmo aliendelea kuchonga, na vinyago visivyopigwa msasa vikazidi kurundikana miguuni pake.

Mwenye nyumba, Mzee Abdulrahman, alikuwa anaishi kwa binti yake huko Gongo la Mboto, na alikuwa akija mara chache. Siku aliyokuja, watoto wote walimwamkia kwa pamoja, "Shikamoo babu," naye akaitikia "Marahaba" kabla hajaona ukuta. Alipouona alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Mama Noela! Hii nyumba yangu mmeigeuza nini?"

Yustina alitoka jikoni akifuta mikono kwenye khanga. "Utusamehe mzee. Ni huyu mtoto, alikuwa anamliwaza mdogo wake."

"Kumliwaza ni kwa pipi, mwanangu. Sikukuu inakuja, nina wageni watapita hapa. Watasema nimepangisha tanuri?"

Hakupiga kelele zaidi ya hapo. Alimpa pole Albano, akaligonga hogo kwa kidole kuona ugumu wake, akaondoka. Lakini Anselmo alikwisha kumwahidi kwamba ukuta utapakwa chokaa.

Jumamosi baba na binti walipaka pamoja, Noela ameshika ndoo. Vitunguu vilikwenda, bodaboda akaenda. Noela alikuwa anatazama ndani ya ndoo ili asione. Mara brashi ikasimama. Baba yake alikuwa amefika kwa kuku.

"Miguu hii mbona minene hivi?" aliuliza.

"Anambeba mtu, baba."

Anselmo alimtazama yule kuku kwa muda, kama anavyotazama gogo kabla hajalianza. "Ni kweli," alisema. "Mtu wa kubeba lazima awe na miguu." Akaanza kupaka upande mwingine. Kuku alibaki peke yake kwenye ukuta mweupe mpaka chokaa ilipokaribia kwisha, ndipo naye akafunikwa.

Albano alilia jioni nzima. Hapakuwa na picha, na Noela hakujua kusimulia bila mkaa mkononi. Alijaribu mara moja, akajikuta anachora kwa kidole hewani, akaacha.

Wiki iliyofuata walimrudisha Albano hospitali, wakitarajia afunguliwe hogo. Daktari alitazama picha ya eksirei ya mguu, akamwita Anselmo pembeni. Mfupa ulikuwa umeunga vibaya. Ukiachwa hivyo mtoto angekuja kutembea upande. Ilibidi alazwe, wamvunje upya na kumfunga vizuri.

Walijaribu kumficha Albano, lakini nyumba ya kupanga haina siri. Siku ya kulazwa ilipofika, bajaji ikiwa imeshafika nje, alijishikiza kwenye mguu wa kitanda kwa mikono miwili. Baba yake alimwahidi soda. Mama yake alimtishia, kisha akambembeleza, kisha akakaa chini na kuanza kulia yeye mwenyewe. Albano hakuachia.

Noela alipiga magoti sakafuni karibu naye.

"Bwana Kibiriti na yeye alivunjika," alisema.

Albano alimgeukia. "Lini?"

"Juzi, baada ya kupakwa chokaa. Aliteleza. Wakamuunga, lakini wakamuunga vibaya, akawa amekaa kama herufi L."

"Wakamvunja tena?"

"Wakamvunja tena."

"Aliumia?"

Noela aliinua macho. Mama yake alikuwa anamtikisia kichwa nyuma ya Albano, sema hapana, sema hapana. Noela aliona, lakini alimjua mdogo wake. Akidanganywa leo, hatamwamini tena kesho.

"Wakati wa kuvunjwa alikuwa amelala, wamempa dawa. Alipoamka ndipo ikauma. Alilia mpaka kuku akaziba masikio."

"Kuku ana masikio?"

"Anayo. Yamefunikwa na manyoya."

Albano alifikiri. Mkono mmoja ukaachia kitanda, akajifuta kamasi. "Halafu?"

"Halafu ikapungua. Kesho yake ikauma kidogo. Keshokutwa yake ikapungua tena."

"Akatembea?"

"Bado. Twende nikwambie njiani."

Njia nzima Noela alisimulia. Hakuwa na mkaa wala ukuta, na safari hii hakuona pengo. Walipofika, Bwana Kibiriti alikuwa amelazwa kitanda kimoja na sindano inayoogopa watu, na Albano alikuwa anataka kujua nani anamwogopa mwenzake. Hapo nesi akawasimamisha mlangoni. Mama ataingia na mgonjwa. Watoto wengine hawaruhusiwi wodini.

"Lakini hajamaliza!" Albano alilia, huku kitanda cha magurudumu kinasukumwa. "Noela! Nani anamwogopa mwenzake?"

Mlango ukafungwa. Noela alibaki kwenye benchi la nje na baba yake.

"Baba, naomba penseli yako."

Anselmo alikuwa anatembea na penseli ya kazi nyuma ya sikio hata akienda kanisani. Akaitoa. Noela alimwomba nesi boksi tupu la glovu, akalipasua, akalikunjua juu ya mapaja yake. Aliandika herufi ndogo ndogo, upande mmoja hadi mwingine. Hakuchora hata picha moja, kwa kuwa nafasi haikutosha. Baba yake alikuwa anasoma pole pole juu ya bega lake. Mara moja akasema, "Huyu kuku anamsubiri nje bila kula? Mpe hata mchele." Noela akampa mchele.

Nesi alilichukua boksi na kulipeleka ndani. Muda ukapita, Yustina akatoka na uso wa uchovu.

"Nimemsomea," alisema. "Amekubali kuchomwa sindano. Sasa wanataka kujua inaendeleaje."

"Wanataka nani?"

"Wodi nzima. Hata mama mmoja wa kitanda cha dirishani. Nikasema nakuja kuuliza."

Anselmo aliinuka, akaenda dukani kutafuta karatasi.

Albano alilia sana alipoamka, kama alivyoambiwa, na uchungu ukapungua kidogo kidogo, pia kama alivyoambiwa. Mguu uliunga vizuri safari hii. Leo Albano ni fundi umeme, anapanda nguzo na madari ya watu, na mama yake bado anagomba kila akimwona juu ya ngazi.

Shuleni Noela alianza kupata sifa kwa insha zake. Kulikuwa na miaka ya kukatishwa tamaa, kazi ya kuuza vocha za simu, miswada iliyorudishwa bila maelezo. Kitabu chake cha kwanza kilipotoka alikipeleka Mbagala Jumapili moja baada ya misa. Macho ya Anselmo yalikuwa yameshachoka na vumbi la mbao, maandishi madogo hayaoni. Akaomba asomewe. Alikaa kwenye kiti cha kamba, mikono imepumzika tumboni, akasikiliza ukurasa wa kwanza kwa makini kabisa, wa pili kwa macho yaliyofumbwa, na kwenye wa tatu akaanza kukoroma.

Noela alicheka, akafunga kitabu.

"Unafunga nini?" mama yake alimwambia kutoka mlangoni, kisu cha kukatia mchicha mkononi. "Mie sijalala. Soma."