Beseni la Mjamzito

1.

KIKUNDI CHA WANAWAKE WAANIKA DAGAA, MWALO WA KITARANGE
MUHTASARI WA KIKAO CHA MWEZI MACHI

Agenda ya 4: Beseni la mjamzito.

Kikao kilikumbushwa kuwa tangu kikundi kianzishwe hapa mwaloni, mitumbwi inaposhushia dagaa, kila mwanachama mwenye mimba hupelekewa beseni moja la dagaa kila Ijumaa, kuanzia tumbo linapoonekana hadi mtoto anapoota jino la kwanza.

Hoja: Beseni limepitwa na wakati.
Azimio: Beseni liuzwe pamoja na dagaa wengine. Badala yake, mjamzito anunuliwe chupa ya vidonge vya mafuta ya samaki.
Waliokubali: Wote.
Mtoa hoja: Katibu.
Mwandishi wa muhtasari: Katibu.

2.

Katibu ni mimi, Leokadia Magesa. Kidato cha nne nilimaliza, miwani ninayo, na mwandiko wangu unasifiwa mpaka ofisi ya kata.

Hapo nilipoandika "wote" nilidanganya. Mwanachama mwenye mimba alikuwa mmoja tu, mdogo wangu Nyafuru, miezi mitano, beseni lilikuwa lake. Yeye hakunyoosha mkono.

Nikamwangalia.

Akanyoosha.

3.

(Wiki moja kabla ya kikao. Madamu Editruda, msambazaji wa vidonge hivyo, akiwa na kipaza sauti ndani ya ghala la kikundi. Suruali nyeupe. Ghala la dagaa, suruali nyeupe!)

"Mama zangu, niwaulize bila kuwavunjia heshima. Hivi ninyi mnakula samaki au mnakula mchanga? Dagaa mmemwaga chini, kuku anapita, mbuzi anapita, mtoto anapita na vitu vyake. Halafu jioni mnampa mjamzito! Wenzenu wa mjini walishaacha. Wenzenu wanakunywa mafuta yenyewe, yamesafishwa, yamefungwa. Mtoto wa mafuta haya anakaa mapema, anaongea mapema, darasani anashika namba moja. Nani hapa hataki mtoto wake awe daktari? Anyooshe mkono asiyetaka."

Hakuna mkono ulionyooka.

"Mmeona? Mnapenda mambo mazuri, basi tu hakuna wa kuwaambia."

Nilimpigia makofi mimi wa kwanza. Aibu ya ule mchanga ilikuwa imenipanda usoni, nikaona nipige makofi kabla hajaniangalia.

4.

CHUPA, UPANDE WA MBELE

A K I L I
M A C H O
M O Y O
kwa mama na mtoto

CHUPA, UPANDE WA NYUMA, CHINI, KARIBU NA MSTARI WA GUNDI

bidhaa hii si dawa. haikusudiwi kutibu wala kuzuia ugonjwa wowote. mjamzito na mama anayenyonyesha amuone mtaalamu wa afya kabla ya kutumia. haichukui nafasi ya mlo kamili.

Nimeshasema miwani ninayo.

5.

Mchangani, tukigeuza dagaa:

— Vinanuka vile vidonge?
— Havinuki. Ila Nyafuru anasema akicheua, anacheua samaki.
— Sasa si angekula samaki tu?

Aliyeuliza hivyo ni bibi Nyasinde, ambaye hajui kusoma. Tulimcheka mpaka tukashika viuno. Mimi nilicheka zaidi, kisha nikamweleza taratibu, kama ninavyomweleza mtoto, kwamba dunia imebadilika.

6.

SAFARI YA BESENI, ZAMANI

Mwenye zamu analijaza. Analifunika kanga. Analiweka mlangoni kwa mwenye mimba na kuondoka bila hodi, kwa sababu si msaada, ni lake. Hakuna asante. Mwenye mimba anakula, na mtoto wake wa kwanza anakula. Wanaobaki wanatwangwa unga wa kutia kwenye uji.

SAFARI YA BESENI, SASA

Beseni linamwagwa kwenye gunia. Gunia linapandishwa lori. Lori linakwenda kiwandani. Kiwandani dagaa wanasagwa, wanachanganywa na pumba.

Kwa ajili ya kuku.

Kuku wa watu, kwenye mabanda yenye taa, walikula beseni la mdogo wangu miezi mitatu mfululizo, wakanenepa.

7.

KADI YA KLINIKI
Jina: Nyafuru Magesa. Mimba ya: 2.

Machi. Wingi wa damu: 10.4. Vidonge vya kuongeza damu, amepewa: ✓
Aprili. Wingi wa damu: 9.1. Vidonge vya kuongeza damu, amepewa: ✓
Mei. Hakuhudhuria.
Juni, Alhamisi. Wingi wa damu: 6.2. RUFAA. HARAKA.

Kadi ina sehemu ya "amepewa". Sehemu ya "amemeza" haina.

(Mei hakuhudhuria kwa sababu siku ya kliniki ilikuwa siku ya kupakia. Aliyempangia zamu ya kupakia ni Katibu.)

8.

Nesi Koleta, zahanati, mlango umefungwa lakini benchi zima linasikia:

"Haya, leteni hiyo chupa. Leteni niione! Hii? Kwa hiyo vidonge vyangu vyekundu, vya bure, amevifanyia nini? Ameviweka kabatini! Sikiliza, Leokadia, wewe ndiye unayejua kusoma. Mafuta ya samaki si sumu, sitaki uende kunisingizia. Wako waliochunguza wakaona yanaweza kusaidia kidogo mtoto asizaliwe kabla ya siku zake. Kidogo. Hayo mambo ya akili, watoto wamepimwa sana, na hawajapata kitu cha maana cha kusimamia. Na damu? Hayaongezi damu. Hata huyo muuzaji wenu hakusema yanaongeza damu, mlijiongezea wenyewe!

Na dagaa ana mafuta hayohayo. Ana na madini ya chuma, ana na mifupa ya kumjenga mtoto. Sikuambii beseni peke yake lingetosha, hapana, vyekundu alitakiwa avimeze tu. Lakini alikuwa na vitu viwili vya kumsaidia, na mmemwachisha vyote viwili.

Mlete na huyo mtoto wake mkubwa, Magoti. Nyoosha mkono, baba. Ona utepe wa kupimia lishe. Njano. Mwezi wa pili alikuwa kijani. Mnaishi na samaki mpaka mnanuka samaki, halafu mtoto ana—"

Hakumaliza. Alivua glavu akazitupa, zikakosa ndoo, akaziacha palepale chini.

9.

Nyafuru, kwenye benchi, viganja vyeupe kama vya mtu aliyefua siku nzima:

"Dada, usinifokee, kichwa kinauma.

Vyekundu vilikuwa vinanitapisha. Choo kinakuwa cheusi. Mama mkwe akaniambia, ukimeza vidonge vya aina mbili mtoto anakuwa mkubwa tumboni, utachanwa. Ikabidi nichague. Nikachagua vya kikundi. Ningeviachaje? Mmevinunua kwa ajili yangu, umesimama mbele ya watu umenikabidhi, wamepiga vigelegele. Ningesema nini?

Magoti nilikuwa natoboa kimoja kwa sindano, namdondoshea kwenye uji. Akawa anautema. Nikawa namlazimisha, maana ulisema ni akili. Unga wa dagaa ulikuwa umeisha.

Niliwaza kuja kukuomba dagaa, Dada. Hata sahani moja.

Nikaona utasema sijastaarabika."

10.

Simu.

"Madamu Editruda."
"Mama Katibu! Habari za mwalo?"
"Mdogo wangu damu imefika sita."
"Ooh, pole jamani. Alikuwa anameza kimoja kwa siku au viwili?"
"Kimoja."
"Unaona sasa. Ndiyo maana."
"Ndiyo maana nini?"
"Mwongezee, awe anameza viwili. Halafu Mama Katibu, tuna bidhaa mpya ya damu, ya rozela, nikuwekee…"

Kuna matusi niliyotukana hapo ambayo sikujua kama ninayo. Mengine yalikuwa ya baba yetu, Mungu amrehemu. Alikata simu nikaendelea kutukana simu.

11.

TAARIFA KWA WATEJA WETU WAPENDWA

Kampuni (jina limeondolewa, mwenye kampuni ana wakili na mimi sina) inapenda kuukumbusha umma kwamba kauli za wasambazaji kuhusu ubora wa bidhaa ni maoni yao binafsi. Kampuni haitawajibika kwa matumizi yasiyozingatia maelezo yaliyopo kwenye chupa. Mteja anashauriwa kusoma maelezo yote kabla ya kutumia.

Kampuni inajali afya yako.

12.

Wewe unayesoma.

Najua unachokifanya. Unatafuta mkosaji. Ulianza na Editruda, ukahamia kwa mama mkwe, sasa umesimama kwa kampuni, unatikisa kichwa. Rudi ukasome muhtasari. Soma mstari wa mtoa hoja.

Na usinionee huruma, sitaki. Nilitaka watu waone kikundi chetu kimeendelea. Nilitaka mgeni akija na suruali nyeupe akute chupa, asikute beseni. Huo ndio ukweli, na nimeuandika kwa mwandiko uleule mzuri.

13.

Ijumaa, saa mbili asubuhi. Shemeji, mume wa Nyafuru, alikuwa bado anahangaika na usafiri wa rufaa. Uchungu ukamkamata Nyafuru mlangoni kwake.

Wiki tatu kabla ya siku.

Gari pekee mwaloni lilikuwa lori la kiwandani, la dagaa wa kuku, limejaa. Tukapanda juu tukaanza kushusha magunia. Hatukushusha, tulitupa. Moja likapasuka, dagaa wakamwagika barabarani.

"Nyie wanawake, mna wazimu? Huo mzigo una wenyewe!"
"Na huyu?" bibi Nyasinde akamuuliza dereva, amemshika Nyafuru kwapani. "Huyu hana wenyewe?"

Dereva akawasha gari.

Tulikuwa wanawake kumi na wawili, Shemeji na mgonjwa. Njiani nilimshika mkono. Nikamwambia, nisamehe. Akaniambia, Dada, ninyooshe mguu, ganzi.

14.

HOSPITALI
KITENGO CHA DAMU SALAMA
Ndugu wa mgonjwa wachangie damu. Akiba imekwisha. Tafadhali msigombane dirishani.

Waliojitokeza na majibu yao, kama nilivyoyanukuu, maana mimi ni katibu na sikuwa na kitu kingine cha kufanya na mikono yangu:

Shemeji. Damu anayo, presha imepanda. Akae, apimwe tena.
Mwenyekiti. Uzito haufiki.
Mama Mugeta. Ananyonyesha. Hapana.
Mama Mugeta mdogo. Damu haitoshi.
Bibi Nyasinde. Umri umepita. Aligoma kutoka kwenye kiti, akasema damu haizeeki. Wakamtoa.
Bhoke. Damu haitoshi.
Monika. Damu haitoshi.
Tereza. Damu haitoshi.
Dada yake Tereza. Damu hai

Nikaacha kuandika.

Wanawake kumi na wawili. Tunaanika chakula, tunakigeuza, tunakifungasha, magunia kwa magunia, mikono imechubuka kwa magamba na jua. Na kati ya wenzangu wote kumi na mmoja haikupatikana chupa moja ya damu ya kumpa mtu mmoja. Nani anatula? Niliuliza kwa sauti, pale koridoni. Nani anatula sisi? Mlinzi akaja akaniomba nishushe sauti.

Nyuma ya mlango wenye pazia la kijani mdogo wangu alikuwa anapiga kelele. Kisha akanyamaza. Kisha akaanza tena, nikashukuru.

15.

"Anayefuata."

Nikakaa. Dada wa maabara akanitoboa kidole. Mbele yake kulikuwa na glasi ndogo yenye maji ya bluu, bluu kali ya dawa.

"Mama, umekula leo?"
"Hapana."
"Jana ulikula nini?"
"Ugali na mboga."
"Dagaa hamkupika? Si mmetoka mwaloni?"

Nikaitazama glasi. Alikuwa anauliza kwa wema, na ningemjibu ningemuumiza.

"Tunadondosha tone moja humu," akasema. "Likizama moja kwa moja, una damu ya kutosha, tunakutoa chupa moja. Likielea, samahani."

Koridoni wenzangu wamesimama wote. Shemeji yuko mlangoni. Nesi mmoja ametoka nyuma ya pazia la kijani, glavu zake zina damu, anauliza, "Bado? Bado tu?"

Tone likaachia kidole.

Likaingia.

Likashuka kidogo

likasimama katikati ya bluu, duara, jekundu, haliendi chini, haliji juu.

Dada wa maabara akainama kuliangalia. Na mimi nikainama, pua yangu karibu iguse glasi.

Zama.

Zama, nimesema.

                    Zama mbwa wewe, zama, zama