Mshtakiwa Ni Gari

Taa ya buluu ilijaa kwenye kioo cha nyuma, na Ardelia Bynum akaegesha kando ya barabara kama mama yake alivyomfundisha: polepole, injini imezimwa, dirisha chini, mikono yote miwili juu ya usukani mahali inapoonekana. Injini ilipozimika, kiyoyozi nacho kilikufa. Nje, shamba la tumbaku lilisimama bila jani kutikisika. Abiria wake wawili walikuwa wamejifunika mablanketi, kwa sababu mtu anayetoka kwenye mashine ya kusafisha damu husikia baridi hata Julai.

Lovie, dada yake mkubwa, alikuwa nyuma katika kiti cha magurudumu kilichofungwa sakafuni kwa mikanda. Bandeji ya mkononi mwake ilikuwa na doa jekundu ambalo Ardelia alikuwa akilitupia jicho tangu walipotoka kliniki. Mbele ya Lovie alikaa Thaddeus Speight, mwezeka mapaa wa zamani, ambaye figo zake zilikufa kabla hajafika miaka arobaini. Mara tatu kwa wiki Ardelia aliwachukua hawa, na wengine wanne katika siku zao, kutoka Kaunti ya Haskett hadi mji wa Pell palipokuwa na mashine, akawarudisha. Kazi nyingine hakuwa nayo. Wao nao usafiri mwingine wa kutegemea hawakuwa nao.

Naibu sherifu alikuwa kijana aitwaye Whitley. Alisema gari limekanyaga mstari mweupe. Akataka leseni, akauliza wanatoka wapi, akauliza tena kwa namna nyingine. Kisha akainama dirishani.

"Hamna kitu humu ndani ninachopaswa kujua, mama?"

"Hamna, bwana."

"Basi hutajali nikiangalia."

Ardelia alijua kwamba anaweza kukataa. Mwaka uliopita kanisa lilimwalika wakili kuja kufundisha haki za raia, na Ardelia alikaa safu ya mbele. Wakili alisema polisi asiye na hati ya mahakama wala sababu ya msingi hana ruhusa ya kupekua mpaka mwenyewe akubali. Watu wakaitikia amina. Walipokuwa wakila kuku wa kukaanga baada ya somo, hakuna aliyesema kwamba atajaribu. Huko Haskett, ukimwambia naibu hapana umempa sababu ya kukuweka juani mpaka mbwa wa kunusa aletwe. Na damu ya Lovie ilikuwa bado haijakata vizuri.

"Angalia, bwana."

Thaddeus, ambaye hakunyamaza hata kwenye mazishi, alimwambia naibu kwamba damu yao ndiyo kwanza imesafishwa, atakachopata ni dhambi tu. Whitley hakucheka. Ndani ya mfuko wa chakula wa Thaddeus, chini ya kipande cha mkate wa mahindi, alikuta vidonge vya maumivu vimefungwa kwenye karatasi laini. Vilikuwa vingi kuliko mtu anavyohitaji kwa siku moja. Thaddeus alisema ni vyake, kaandikiwa na daktari, chupa iko nyumbani. Aliyasema hayo yote akitazama sakafu, na Ardelia akaona kwamba hakumtazama yeye.

Thaddeus alitiwa pingu. Gari la kuvuta likaja kulichukua gari la Ardelia. Lovie aliteremshwa kwa lifti ya nyuma na kuwekwa kwenye kokoto, na Whitley akamrudishia Ardelia leseni yake kwa adabu.

"Wewe sikukamati, mama. Uko huru kwenda."

Ardelia alisukuma kiti cha dada yake hadi kwenye kivuli cha banda bovu la kukaushia tumbaku, na hapo walingoja mpaka shemasi wa kanisa alipokuja kuwachukua.

*

Kesho kutwa yake alikwenda kwa sherifu. Garland Oakes alikuwa amesoma naye shule moja, darasa moja, na kwa miaka miwili Ardelia alimpeleka mama mzazi wa Garland huko Pell kwa gari lilelile, hadi bibi yule alipofariki. Sherifu alimkaribisha kiti, akamuulizia Lovie. Ardelia akasema asemayo mtu mwenye haki: kwamba yeye hakushtakiwa, kwamba vidonge havikuwa vyake, kwamba katika jimbo la North Carolina mali ya mtu haitwaliwi mpaka mtu ahukumiwe kwanza. Sherifu alimsikiliza mpaka mwisho. Alisema kila jambo lina utaratibu wake, akamsindikiza hadi mlangoni.

Thaddeus aliachiwa katikati ya Agosti. Hospitali ilithibitisha kwamba dawa aliandikiwa kweli, na mwendesha mashtaka akaifuta kesi. Ardelia alidhani mambo yamekwisha.

Kabla ya hapo, mwishoni mwa Julai, alikuwa amepata barua kutoka Virginia, kwenye ofisi ya serikali kuu ya Marekani ambayo hakuwahi kuisikia. Ilikuwa na kurasa tano na namba ya chasisi ya gari lake. Aliisoma mara mbili mezani, Lovie akiwa amelala. Halafu akafanya kile ambacho kila mtu wa Haskett hufanya akipata karatasi ya serikali. Aliipeleka mahakamani, kwenye dirisha la Bi Corinne Baggett.

Bi Baggett alikuwa karani wa mahakama ya kaunti tangu Ardelia akiwa msichana. Iwe hati ya shamba, talaka, kodi, au wosia wa mtu aliyekufa ghafla, watu hawakwenda kwa wakili, walikwenda dirishani kwake. Yeye alishusha miwani, akasoma, akasema, "Hii inakwenda pale." Na ikaenda pale. Ardelia alikuwa tayari amefungua ombi kwake dhidi ya sherifu, la kurudishiwa gari. Bi Baggett akaitazama barua ya Virginia, akaigonga mhuri, akaitia ndani ya jalada lilelile.

"Jaji aione," alisema. "Wasije wakasema umeificha."

Ardelia alimshukuru, na Jumapili yake akamletea pai ya viazi vitamu.

*

Jaji alisikiliza ombi lile Septemba, katika chumba chenye feni mbovu na picha za majaji waliokufa. Wakili wa kaunti alisema machache, kama mtu aliyetumwa kufika tu. Jaji hakuhitaji maneno mengi. Alisoma kwa sauti kifungu cha katiba ya jimbo, kwamba mtu hanyang'anywi mali yake ila kwa sheria ya nchi. Akasema hakuna aliyehukumiwa, hata mashtaka hayapo tena. Akaamuru sherifu alirudishe gari mara moja. Watu wa kanisa waliojaa benchi mbili za nyuma walisema amina kwa sauti ya chini, na jaji akajifanya hakusikia.

Ardelia alitoka pale akavuka barabara moja kwa moja hadi kwa sherifu, ufunguo wa akiba mkononi. Oakes aliisoma amri yote bila haraka. Akaikunja, akamrudishia.

"Hii inaniamuru nikurudishie gari nililonalo, Bi Ardelia. Mimi sina gari."

Ardelia akatazama dirishani. Gari lilikuwa uani nyuma ya seng'enge, majani ya mti yamejaa juu ya kioo cha mbele.

"Na lile?"

"Lile la serikali kuu. Mimi nawatunzia tu."

"Halijasogea, Sherifu. Liko palepale lilipovutwa."

"Si lazima lisogee. Niliwaandikia, wakalipokea. Likawa lao."

"Lini?"

Sherifu alinyoosha kalamu zilizokuwa juu ya meza yake. "Siku ya pili yake."

"Mimi nilikuja siku ya tatu," Ardelia alisema. "Nilikaa kwenye kiti hiki. Nikakuomba."

"Uliomba, ndiyo. Hukuuliza liko kwa nani."

"Garland. Jaji ameamuru."

Alikuwa hajamwita kwa jina lake tangu shule. Sherifu hakukasirika. Sauti yake ikawa ya upole zaidi.

"Jaji wa jimbo, Bi Ardelia. Jimbo haliamuru serikali kuu. Hilo sikulitunga mimi, liko kwenye Katiba, na tulifundishwa pamoja. Wewe ulikuwa unapata alama kunizidi."

*

Shirika la msaada wa sheria lilimpigia simu baada ya wiki mbili. Wakili alikuwa mwanamke kijana, anazungumza haraka, na nyuma yake simu nyingine zilikuwa zinalia. Alitaka kujua jambo moja kabla ya yote.

"Mama, ile barua ya Virginia uliijibu?"

"Niliipeleka mahakamani. Na mhuri ukagongwa."

"Mahakama ipi?"

"Mahakama iko moja, mwanangu. Ile ya pale mjini."

"Ziko mbili," alisema. "Na barua haikutaka upeleke kwenye yoyote kati ya hizo. Ilitaka uiandikie ile ofisi yenyewe, dai la kiapo, kabla ya mwisho wa Agosti. Usipodai, gari linakuwa lao bila jaji yeyote kuliona."

Ardelia alikaa kwenye ngazi ya jikoni. Akauliza kama hana haki ya kupewa wakili tangu mwanzo, maana Thaddeus alipewa siku ileile.

"Thaddeus alishtakiwa. Katiba inampa wakili mtu aliyeshtakiwa jinai. Wewe hukushtakiwa na lolote. Hapa mshtakiwa ni gari."

"Gari lilifanya nini?"

"Wanasema lilibeba."

Wakili alimweleza yaliyobaki, kwa sababu Ardelia alitaka kuyajua. Hata angejibu kwa wakati, yeye ndiye angetakiwa kuthibitisha kwamba hakujua habari za vidonge. Ardelia aliuliza mtu huthibitisha vipi kitu asichokijua, na wakili akasema hilo ni swali zuri. Alieleza pia kwamba sherifu akipitia njia ya jimbo, mali iliyotwaliwa huishia kwenye mfuko wa shule, kwa amri ya katiba ya jimbo. Akipitia njia ya serikali kuu, sehemu kubwa humrudia yeye mwenyewe. Yote ni halali. Atajaribu kuandika barua ya kuomba huruma, alisema, lakini hapendi mama aweke matumaini.

*

Kulikuwa na gari la bima ya afya ya serikali ambalo lilipaswa kuwachukua wagonjwa wasio na usafiri. Lilikuja siku lilipotaka. Dereva mmoja alikataa kuingia njia ya udongo, mwingine alifika saa za jioni kliniki ikiwa imefungwa. Shemasi alisaidia mpaka gari lake likafa gia. Wale wanne wengine walitawanyika. Mmoja alihamia kwa binti yake Durham, mmoja alikwenda nyumba ya wazee.

Thaddeus alikosa mashine mara mbili mfululizo mnamo Novemba. Siku ya tatu dada yake alimkuta kitandani, viatu vimevaliwa tayari kwa safari. Daktari alisema damu ilijaa chumvi ambayo figo zingepaswa kuitoa, moyo ukasimama. Mazishini mchungaji aliliita pigo hilo mapenzi ya Mungu. Ardelia, aliyekuwa safu ya mbele, hakuitikia.

Machi ilikuja na mvua nyembamba isiyokatika. Asubuhi moja ya Jumatano alikuwa barabarani, mwisho wa njia yao, na Lovie katika kiti, nailoni imefunikwa juu ya blanketi. Gari la bima lilikuwa limechelewa kwa saa nzima. Lovie alikuwa amekosa Jumatatu. Miguu yake ilikuwa imevimba hata soksi haziingii, na alipumua kama mtu aliyepanda ngazi.

"Turudi ndani, Dee," Lovie alisema.

"Litakuja, Dada."

Lililokuja lilikuwa jeupe. Ardelia alijua kwa sauti ya ekzosi, kabla hajaliona, kwamba ni gari lake. Ubavuni lilikuwa limechorwa nyota ya dhahabu na jina la Sherifu wa Haskett, na chini yake maneno ya huduma kwa jamii. Lilipita, likapunguza mwendo, likarudi kinyumenyume. Whitley akashuka, kofia yake imevishwa mfuko wa plastiki.

Alimtazama Lovie, akaangalia barabara kushoto na kulia. Akasema anakwenda Pell kuchukua mahabusu, na gari liko tupu. Wanaweza kupanda. Alisema hivyo haraka, na Ardelia aliona kwamba hakutumwa na mtu.

"Ila kuna utaratibu," Whitley alisema. "Raia yeyote anayepanda gari la idara lazima apekuliwe kwanza. Mgonjwa nitamwacha. Ila wewe, mama, siwezi kuacha. Kamera inarekodi."

Akafungua milango ya nyuma, akamsukuma Lovie juu ya lifti, akabonyeza swichi. Lifti ikanyanyuka nusu, ikasimama. Akabonyeza tena. Ikalia bila kusogea. Akaiacha, akamgeukia Ardelia, akamwomba ageuke na kuweka mikono kwenye gari.

Bati lilikuwa baridi. Maji yalimteremkia Ardelia ndani ya mikono ya koti hadi kwenye viwiko. Whitley alivaa glavu.

"Kuna kishikio chini ya swichi," Ardelia alisema. "Ukikivuta kwanza, huku umebonyeza—"

"Ngoja, mama."

"Anapumua vibaya. Niache nikivute mimi. Ni hapo tu."

"Ngoja nimalize. Usitoe mikono."

Alianza mabegani. Upande wa nyuma, kati ya ardhi na sakafu ya gari, Lovie alikuwa ameshika vyuma vya lifti kwa mikono miwili. Nailoni ilikuwa imemwanguka, na mvua ilikuwa ikilowesha blanketi.