Mishubiri ya Bi Rukaiya wa Buguruni

Asubuhi ya kumwachisha Nawal ziwa, Munira alikaa kwenye kigoda uani, akakata jani la mshubiri, akajipaka ule utomvu wa njano kwenye chuchu zote mbili. Ndivyo alivyoachishwa yeye, na mama yake kabla yake. Mtoto anakuja kunyonya, anakutana na uchungu, anakunja uso, analia siku mbili tatu, basi, anahamia kwenye uji. Ila safari hii palikuwa na haraka. Munira alikuwa anakwenda Uarabuni kufanya kazi za ndani, na mtoto hata mwaka na nusu hajatimiza.

Mishubiri ilikuwa ya mama yake, Bi Rukaiya, na bibi huyu, Mungu amsamehe, hajui kutupa kitu. Mche mmoja aliopewa na shoga yake wa Kawe ulizaa, watoto nao wakazaa, mpaka ua wa nyumba yake ya kupangisha pale Buguruni ukajaa ndoo zilizopasuka, makopo ya rangi, beseni lililotoboka na sufuria moja ambayo mpangaji wake, Hamida, aliitafuta mpaka akachoka. Wapangaji walishapaka kwenye nywele, wakapaka kwenye chunusi, wakapaka walikoungua na mafuta ya vitumbua. Kuku waliwekewa majani kwenye maji kwa ajili ya ugonjwa wa kideri, hadi na wao wakawa wanalikimbia bakuli. Mishubiri haikujali, iliendelea kuzaa.

Jioni ile maziwa yalimjaa Munira, matiti yakawa magumu, akayakamua kwenye kikombe. Sasa maziwa ya mama hayamwagwi ovyo. Kwao hayatupwi chooni, wala hayaachwi njiani watu wakayakanyaga. Yanamwagwa kwenye udongo, chini ya mti. Lakini ua wote ulikuwa saruji tupu. Udongo pekee ulikuwa ule wa kwenye ndoo. Munira akayamwaga kwenye shina la mshubiri uleule aliokata jani, na kesho yake akapanda ndege.

Nawal akagoma kula. Uji alitema, maziwa ya ng'ombe alitema, ya kopo yakamharisha. Shingo ikawa nyembamba, macho yakaingia ndani. Kliniki nesi alimpima, akaangalia mzani, akampima tena, na Bi Rukaiya akaelewa. Aliogopa sana. Alikuwa ameachiwa mtoto mzima mwenye mashavu, na hakujua kwa mdomo gani angempigia Munira simu amwambie amempoteza.

Hamida ndiye aliyegundua. Alikata jani apake nywele, likatoka tone jeupe, kisha jingine. Akaonja. Akaenda kugonga mlango wa Bi Rukaiya akamwambia kwamba mshubiri wa kwenye ndoo ya bluu unatoa maziwa, tena ya mtu, ya vuguvugu. Bi Rukaiya akaja, akanusa, akasema ni ya Munira. Akamfuata mtoto ndani, akamwekea jani mdomoni upande uliokatwa. Nawal akalishika kwa mikono miwili, miiba na yote, akanyonya mpaka akalala na jani mdomoni. Bi Rukaiya alikaa chini kwenye saruji akimtazama. Umri wake wote hakuwahi kuona kitu kizuri namna ile, na kilimtisha.

Kufikia mfungo, mishubiri yote ya uani ilikuwa inatoa, maana yote ilikuwa ukoo mmoja. Nawal peke yake angeyamaliza wapi? Mashavu yalikuwa yamesharudi. Wenye macho mekundu wakaja kutiliwa tone. Kina mama waliokaukiwa maziwa wakaja kuomba miche, na kina bibi waliobaki na vichanga vya binti zao. Bi Rukaiya akaenda kwanza kumuuliza shehe. Shehe akafikiri kidogo, akamjibu kwamba litoke kwenye titi, litoke kwenye jani, ziwa ni ziwa; wote watakaolinyonya ni ndugu zake Nawal, wasije wakaoana. Basi kila aliyepewa mche aliambiwa hilo mlangoni, naye akaitikia. Nusu ya watoto wa mtaa wakawa ndugu.

Lakini maziwa yalikuwa na habari zake. Kuna siku yalinuka dawa ya kuoshea vyoo. Kuna siku yalikuja mepesi kama maji ya mchele, na Hamida akasema mwenye maziwa haya leo hajapewa chakula. Simu za Munira zilikuwa zimekatika zamani; alishasema mara moja kwa kunong'ona kwamba simu yake anakaa nayo mama mwenye nyumba wa huko. Kisha maziwa yakaanza kutoka ya moto, asubuhi na jioni, na Nawal akawa anayapuliza kwanza.

Bi Rukaiya akafunga jani kwenye kanga, akaenda Kinondoni kwa Leodegar, wakala aliyempeleka Munira Uarabuni. Kijana mstaarabu, alimwamkia vizuri, akamwekea kiti karibu na feni. Akaonja maziwa kwenye kifuniko cha chupa.

"Ni kweli, mama, ana homa huyu," akasema. "Tena ya muda."

Akaeleza kwamba hata hivyo mkataba haujaisha, na wale matajiri hawapendi kusumbuliwa. Alichoweza ni kuwaomba wamruhusu azungumze na mtoto. Bi Rukaiya akashukuru, maana aliona Munira akisikika tu, atasema, na akisema, watamrudisha.

Leodegar akaja mwenyewe Buguruni, alasiri, na simu yake. Akaifungua sauti, akaiweka juu ya kigoda. Uani wote walikuwepo. Sauti ya Munira ikatoka, nyembamba, ya mtu aliyetoka kitandani.

"Nawal. Mimi mama."

Mtoto, ambaye sasa alikuwa anatembea na kusema, akaitazama simu. Akamtazama bibi yake. Kisha akaenda kwenye ndoo ya bluu, akaukumbatia mshubiri.

"Mama huyu hapa," akasema.

Kwenye simu akasikika mtu anavuta pumzi. Na hapo mishubiri ikaachia. Haikukatwa jani hata moja; maziwa yalitoka kwenye ncha zote kwa pamoja, ya uani, ya madirishani, ya kwenye miche yote iliyogawiwa mpaka ng'ambo ya reli. Yakajaa kwenye makopo, yakashuka barazani, yakaingia kwenye mfereji wa maji machafu na kuufanya mweupe. Wanawake wakatoka na vyombo bila kuambizana. Kila aliyewahi kunyonyesha alijua ni nini, akajishika kifua. Hamida alisimama na sufuria yake na machozi yanamtoka, na mtaa wote ukanukia mtoto mchanga.

"Mama," Munira akasema, "nataka kurudi nyumbani. Naumwa. Wananifungia."

Sauti nyingine ikasema kitu huko, simu ikakatwa.

Leodegar akaichukua, akafuta viatu vyake kwa kitambaa alichopewa. Alikuwa anatazama mfereji, naye kaguswa, huwezi kusema hakuguswa.

"Jambo kubwa hili, mama," akasema. "Mimi nilikuwa na wasiwasi na mtoto, lakini kumbe ameshiba, ana mashavu. Nitawaambia kule wanaweza kumwongezea mwaka. Walikuwa wanaomba."

"Leodegar, hukusikia alivyosema?"

"Nimesikia, mama."

Akaomba mche mmoja, mkewe karibu anajifungua. Hamida akampa, akamwambia habari ya undugu, naye akaitikia, akaondoka ameukumbatia, maziwa yasimwagike. Bi Rukaiya alibaki amesimama. Alitaka kumfuata barabarani, amvue shati mbele za watu, apige kelele mpaka huko Uarabuni wasikie. Lakini maziwa yalikuwa yanamwagika, na watu walikuwa wanapita. Akapiga magoti, akakinga ndoo. Alilia kwa sauti huku anakinga, akisogeza kando miguu ya watoto, wasije wakamkanyaga mwanawe.