Ripoti ya Dawa Zinazokaribia Kuisha Muda

Saa mbili asubuhi karani wa ghala la dawa alibonyeza kitufe cha ripoti ya dawa zinazokaribia kuisha muda, akavuta kiti, akasubiri. Ripoti ilitoka saa tano. Katika kusubiri huko, kama kila siku ya kazi, alizeeka mwezi mmoja. Kucha zilirefuka, akazikata kwa mkasi wa ofisini. Baada ya asubuhi mia tatu za namna hiyo alikuwa na miaka thelathini na mitano kwenye kitambulisho na sitini magotini. Wenzake walimpisha mlangoni.

Aliyeishiwa subira ni pacha wake, fundi wa programu, ambaye uso wake ulikuwa bado wa kisichana. Alipiga hesabu akaona kwamba mwakani, Mungu akipenda, dada yake angetimiza themanini na mitano. Akaomba ruhusa, akaketi mbele ya kompyuta.

"Dada, tarehe zako zimewekwa kama maandishi," alisema. "Mashine inaziona kama majina ya watu tu. Kila asubuhi inazitafsiri zote laki nne, moja moja, ndipo ijue ipi imetangulia."

Jamani, kuna watu wameumbwa na kazi yao. Aliongeza safu mpya ya tarehe halisi, akahamishia zote humo, akazinasa hata zile kumi na moja za tarehe thelathini Februari, kisha akazitengenezea faharasa kama ile ya nyuma ya kitabu. Chai yake haikupata kupoa. Walipojaribu, ripoti ilitoka kwa sekunde moja. Karani alitazama mikono yake, haikuongeza hata kunyanzi moja, akamkumbatia mdogo wake na kulia kwa furaha.

Kesho yake alikwenda kwa meneja kuomba ile miaka ishirini na mitano aliyozeekea kwenye kiti ihesabiwe, apumzike. Meneja alimpa shikamoo na kiti, akamsikiliza hadi mwisho, wala hakubisha neno. Akafungua programu ya wafanyakazi, ambayo pacha alikuwa ameirekebisha tarehe zake vilevile, akaiuliza siku ya kustaafu. Jibu lilikuja kabla hajanyanyua kidole.

"Bado miaka ishirini na mitano, mama," alisema. "Na sasa tarehe zetu ni sahihi."

Karani alishika meza, akainuka taratibu. Hata yeye alikiri kwamba kasi ile ilipendeza.